Kuitoa Azma Hadharani: Mwongozo kwa Mkaazi wa Nakivale na Jirani Zake

Katika nchi hii ya Isingiro, Uganda, kuanzia Rwekubo hadi Base Camp ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kuendelea mpaka mjini Mbarara, mtu atakaye kuoa haoni haya kuwaita rafiki na jirani zake, akawasomea bei ya mchele, ya ng'ombe, ya hema na ya gari la bibi harusi, kisha akalipitisha daftari mkono kwa mkono ili kila mmoja aandike ahadi yake. Wala hapana amwambiaye kuwa ameomba au amejigamba. Mkutano huo una mwenyekiti, una katibu na mshika fedha, nao hurudiwa juma baada ya juma, na aliyeahidi akachelewa hukumbushwa kwa jina lake pasipo kuona kuwa ametukanwa. Lakini mtu huyo huyo, pindi atamanipo kujifunza ufundi wa umeme, au kurudi katika masomo aliyokatizwa na vita, au kufungua duka la dawa za mifugo, hulifungia jambo lake moyoni kana kwamba ni hatia, akalihangaikia peke yake, na aghalabu likafa humo humo bila ya mtu kujua kuwa lilikuwako.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Muradi wake si kukutaka usimame sokoni ukapige mbiu ya mambo yako, bali ni kukuonyesha namna ya kuitendea azma yako kama itendewavyo harusi: ipewe mashahidi, ipewe siku, na kila aliyeisikia aondoke akiwa na kazi ya kufanya.

Wenyeji wa nchi hii hawakungoja kufundishwa jambo hili na wageni. Banyankore na Bakiga, katika zama ambazo gari la wagonjwa lilikuwa halijafika vilimani kwao, walikuwa na vyama vya engozi, ambavyo kila mwanachama alipaswa kutoa bega lake kuibeba machela ya mwenzake mpaka hospitali, maadamu alijua kuwa ipo siku naye atalazwa juu yake. Na barabara zilipoongezeka vyama hivyo havikufa, bali viligeuka vikawa vya kuzikana na kukopeshana. Wakimbizi nao, tangu Nakivale ilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Wanyarwanda, wamekuja kila kundi na chama chake: Wanyarwanda na ibimina, Wakongomani na likelemba, Wasomali na hagbadi, na shughuli ni ile ile ambayo watu wa pwani huiita upatu. Kwa hiyo vyombo vipo tele. Kilichopungua ni desturi ya kuvitumia kwa jambo la mtu mmoja kabla halijawa msiba.

Hata hivyo sipendi kuwadharau wanaonyamaza, kwa sababu kunyamaza kwao kuna hoja, na mwongozo usiozijibu hoja hizo ungekuwa porojo. Wapo wanaochelea kijicho. Nao, hata tukiacha habari za uchawi, wana haki ya kuogopa ulimi wa jirani ambaye akisikia unataka kufungua kibanda cha kinyozi hukutangulia akafungua yeye. Wapo waliokimbia kwao kwa sababu ya kusema, ambao kunyamaza ndiko kulikowafikisha hapa wakiwa hai. Na wapo, tena hao ndio wengi, wanaoogopa jamaa: mtu akijulikana kuwa anakusanya, basi kila ada ya shule na kila homa ya mtoto wa binamu humwelekea yeye. Hofu hii si ya kuwazia tu. Wataalamu wawili wa uchumi, Pamela Jakiela na Owen Ozier, walifanya majaribio katika vijiji vya magharibi ya Kenya, nao wakaona kuwa wanawake ambao jamaa zao walikuwapo pale pale walikuwa radhi kupata faida iliyo ndogo, ilimradi fedha waliyo nayo isionekane. Atakayemwambia mwanamke wa namna hiyo aseme kila kitu atakuwa amemdhulumu.

Jawabu langu ni kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni azma na mfuko. Azma na itoke. Mfuko na ubaki ndani. Waweza kuwaambia watu ishirini kuwa unatafuta cherehani, na usimwambie hata mmoja wao umekwisha kusanya kiasi gani, wala fedha hizo ziko kwa nani, wala siku utakayopanda gari kwenda Mbarara ukiwa nazo. Namba ya siri ya simu yako haina shahidi. Na kuna jambo moja ambalo, ijapokuwa kwa wengi wetu ndilo lengo lililo kubwa kuliko yote, nakusihi usilipeleke katika hadhara yoyote: habari za faili lako la ukimbizi, na matumaini ya kupelekwa nchi ya tatu. Hayo ni ya kuzungumza na maofisa wahusika na mwanasheria wako katika faragha, kwa kuwa jirani hawezi kulisukuma faili hilo hata hatua moja, ilhali tapeli akisikia unalingojea atakujia na ahadi ya kukusaidia kwa malipo, na huduma ya kupelekwa huko hailipiwi hata shilingi.

Tukiisha kuulinda mfuko, lipo swali la pili, ambalo wahubiri wa siku hizi wanaowahimiza vijana waziseme ndoto zao hawaligusi. Je, kuisema nia kwamsaidia mtu, au kwamridhisha mapema? Mwaka 2009 mtaalamu wa saikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya, na baadhi ya waliojaribiwa walikuwa wanafunzi wa sheria wenye nia ya kufanya bidii ili wawe wanasheria. Wale ambao nia yao ilisomwa na kutambuliwa na mtu mwingine walijitahidi kidogo kuliko wale ambao nia yao haikutazamwa na mtu. Maelezo yake hayako mbali na tuyaonayo kila siku: kijana asemaye "mimi nitakuwa daktari", akaitwa daktari na mama zake wote wa mtaa, amekwisha kuonja heshima ya udaktari kabla ya kufungua kitabu, na heshima iliyoonjwa hupunguza njaa yake.

Basi kusema kuna namna mbili. Ipo ya kutangaza utakuwa nani, ambayo malipo yake ni sifa na hulipwa papo hapo. Na ipo ya kutangaza utafanya nini, lini, na nani akuulize, ambayo haina sifa yoyote kwa siku hiyo, bali inakuacha na deni. Mimi naisifu hii ya pili peke yake. Ukimaliza kusema, na wasikilizaji wako wakajibu "Amina, Mungu akujalie", kisha wakarudi katika mazungumzo yao, jua kuwa umesema ile ya kwanza.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa soko la Base Camp, ambaye kila nguo aishonayo humlazimu kuipeleka kwa fundi mwingine akaizungushie ukingo kwa mashine ya ovaloki, na kila ukingo humla sehemu ya ujira wake. Fundi huyo akisema, "Mimi nataka kuwa fundi mkubwa, nifungue duka Mbarara," hajamwachia mtu yeyote la kufanya. Lakini na asimame katika kikundi chake aseme, kwa Kiswahili chetu cha huku: "Bamama, niko natafuta ovaloki, hata yenye bamekwisha tumika. Mwenye atasikia fasi banauza kule Mbarara, aniambie. Na mama katibu, kila siku ya mukutano aniulize kama nimetia hisa zangu tatu, mupaka mwezi wa munane." Yatazame maneno hayo. Kitu kinachotafutwa chajulikana, na mtu aweza kukiona kwa macho akakitambua. Wote waliosikia wamepewa kazi ndogo isiyowagharimu shilingi, ambayo hata mama muuza nyanya ambaye huenda Mbarara mara moja kwa juma aweza kuifanya. Mmoja amepewa kazi ya kuuliza, naye ametajwa kwa cheo chake mbele ya wenzake, kwa hiyo hatoona haya kuuliza. Kuna mwisho. Na jumla ya akiba aliyokwisha kuweka haikutajwa hata kidogo.

Hapo msomaji ataniuliza, katika kikundi gani? Katika sehemu nyingi za Nakivale, kama ilivyo katika vijiji vya Isingiro, vipo vikundi vya kuweka na kukopa vinavyofuata mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha huko Niger mwaka 1991, na ambao Tanzania wameujua kwa jina la VICOBA. Asiyepata kuvihudhuria na aende mara moja atazame. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo zake zimegawiwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja wao alalaye na sanduku hilo. Likifunguliwa, hufunguliwa mbele ya macho ya wote. Kila mwanachama huitwa kwa namba yake, huja na kitabu chake, hutia fedha katika bakuli la wahesabuji, na hisa zake, kuanzia moja hadi tano, hupigwa mihuri kitabuni, na nafasi isiyonunuliwa hufutwa kwa mstari ili pasiwe na mkono utakaoijaza usiku. Aliyechelewa hutozwa faini. Kisha huja saa ya mikopo, nayo ndiyo niliyotaka uione: kila atakaye kukopa husimama, akataja kwa sauti kiasi anachotaka, ambacho kwa kawaida hakizidi mara tatu ya hisa zake, na akaeleza anakitakia nini na atakirudisha lini, na wenzake wana haki ya kumhoji.

Katika dakika hizo chache mkulima ambaye nyumbani kwake hata mumewe hakuwahi kumsikia akieleza mpango hueleza mpango kamili mbele ya watu ishirini na tano, na akajibu maswali yao. Nimesema mahali pengine kuwa faida ya vikundi hivi si mikopo, na watu wa fedha walinicheka, lakini bado naamini kuwa kile kisimamo cha mwanachama na lile swali la "utauza wapi?" linalotoka nyuma ya duara vina thamani kuliko riba yote inayogawanywa mwisho wa mwaka. Kwa hiyo usingoje mpaka uwe na haja ya mkopo. Muombe mwenyekiti akupe nafasi kabla ya kufunga sanduku, useme azma yako kwa namna ya yule fundi. Vikundi vingine hukataa kwa kuchelea kuwa kila mtu ataanza kuhutubu. Hapo pendekeza watu wawili tu kwa mkutano mmoja, kwa zamu. Sikupendekezei kuanza na benki, ingawa benki zimefika, na Opportunity Bank ilifungua tawi lake ndani ya Nakivale mwaka 2020. Wala kuanza na chama kikubwa cha akiba kama Moban, ambacho wakimbizi wenyewe walikianzisha. Hao watakufaa ukishakuwa na hesabu ya kuwaonyesha, na hesabu hiyo huanzia kwenye kile kitabu cha mihuri.

Juu ya kuchagua wasikilizaji nina maneno machache, nayo ni makali kidogo. Usimchague anayekupenda mno, kwa maana atakusamehe mapema. Mama mzazi ni mpole kwa mwanawe. Akikuta hukufanya atasema ulikuwa umechoka. Usimchague mshindani wako wa biashara ile ile katika soko lile lile. Mchague mtu ambaye mwenyewe ana jambo lake analolikimbilia, kwa sababu atajua uzito wa swali analokuuliza, nawe utamuuliza la kwake. Na mchague, fauka ya huyo, mtu mmoja aliyekwisha pita njia unayoitaka. Huyu wa pili ndiye watu humkosa kwa kunyamaza. Fikiri kijana aliyemaliza sekondari Kongo, mwenye diploma ya serikali iliyoandikwa kwa Kifaransa, atamaniye kuingia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Hajui kuwa yapasa kwanza diploma yake ilinganishwe na zile za Uganda na UNEB, baraza la mitihani la taifa, wala hajui ni karatasi zipi zinazotakiwa na nani wa kuzitafsiri. Yamkini nyumba ya nne kutoka kwake, pale Kabazana au New Congo, yupo aliyelipitia jambo hilo mwaka jana na ambaye angalimweleza yote kwa kikombe cha chai. Lakini yule hakusema anatafuta nini, na huyu hakuulizwa, wakapishana kisimani kila asubuhi wakiamkiana.

Utakapokwenda kwa mtu wa namna hiyo, nenda kwa adabu ya mahali. Mzee wa Kinyankore haendewi na jambo mlangoni; huamkiwa, huulizwa habari za ng'ombe na za watoto, na jambo hungoja lizungumzwe mwisho. Kwa mzee wa Kikongomani, mwite Papa, na usimkatize anapokueleza jinsi mambo yalivyokuwa Bukavu au Uvira, hata ikiwa hadithi ni ndefu. Ndani ya hadithi hiyo aghalabu ndimo mlimo jina la mtu unayemtafuta. Na umuombe kitu kimoja. Aombaye vitu vitano kwa mkupuo mmoja hupewa dua.

Sasa na tuzungumze juu ya kushindwa, kwa sababu hofu ya kuaibika ndiyo inayowafunga vinywa watu wengi wasioogopa kijicho wala jamaa. Mkenya Eliud Kipchoge alitangaza mbele ya ulimwengu mzima kuwa atajaribu kukimbia masafa ya marathoni chini ya saa mbili. Akakimbia Monza, Italia, mwezi Mei 2017, akamaliza kwa saa 2:00:25, yaani alishindwa kwa sekunde chache huku kamera zikimtazama. Hakujificha. Alitangaza tena, na tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, akamaliza kwa saa 1:59:40. Wapo wanaosema kuwa mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, nao wamesema kweli; lakini sababu mojawapo ya kutohesabiwa ndiyo inayotufaa sisi: walikuwapo wakimbiaji 41 waliopokezana zamu za kumwongoza na kumkinga upepo, miongoni mwao mabingwa wa mbio mbalimbali. Mtu anayeificha azma yake hapati hata mmoja wa kumkinga upepo.

Kushindwa kwa huku, hata hivyo, si kwa sekunde. Mvua ya Machi hukatika Aprili na mahindi yakakauka. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likipunguza posho, kama lilivyofanya mwaka 2020 na tena baadaye, akiba ya ovaloki huliwa mezani, na hapana mwenye haki ya kumlaumu mtu kwa kuwalisha wanawe. Kinachotakiwa ni kwamba azma iliyosemwa mbele ya watu ibadilishwe mbele ya watu hao hao. Simama tena mahali ulipokuwa umesimama, useme: mwezi wa nane hautawezekana, hisa zangu zimekuwa moja badala ya tatu, siku mpya ni fulani. Usingoje uulizwe, na usieleze mno. Kikundi kizima kimekula posho ile ile iliyopunguzwa. Kinachovunja imani ya watu ni ule ukimya wa mwanachama anayeanza kuja mkutanoni akiwa amechelewa, akakaa nyuma, akaondoka kabla ya kufunga, mpaka ikafika siku hata mama katibu akaona haya kumuuliza. Nawe ukiwa ndiwe katibu, uliza. Uliza kwa sauti ile ile unayotumia kusoma mahudhurio, bila ya kucheka na bila ya kusikitika, kisha mwite anayefuata.

Limebaki jambo la wanaohama. Wengi huondoka Nakivale wakaenda Mbarara kutafuta kazi za hoteli, za ujenzi, au kuendesha boda boda, na wanapoondoka huwaacha mashahidi wao nyuma, na azma ikabaki haina wa kuiuliza. Kwa hao ujumbe wa simu watosha. Huko Chile watafiti Felipe Kast, Stephan Meier na Dina Pomeranz waliviona vikundi ambavyo wafanyabiashara wadogo walitangaziana malengo yao ya akiba na kupeana hesabu kila juma, na idadi ya mara walizoweka fedha ikawa zaidi ya mara tatu ya wasiokuwa na kikundi. Kisha wakajaribu kuwatumia watu ujumbe wa simu wa kila juma badala ya mkutano, na matokeo yakakaribia kuwa yale yale. Kwa hiyo kabla hujapanda gari, patana na mmoja: kila Jumapili jioni utamwandikia neno moja tu, nimeweka au sikuweka, naye atakuandikia la kwake. Ikipita Jumapili moja pasipo neno, apige simu. Waendesha boda boda walio katika steji moja hawana haja hata ya simu, kwa sababu wengi wao hukusanya fedha kila jioni kwa mwenyekiti wao. Mwambie mwenyekiti huyo unakusanyia nini, ili siku utakapotaka kuzitoa kabla ya wakati akuulize kwanza kama ndiyo ile pikipiki yako mwenyewe uliyosema, au ni jambo jingine.